Tujifunze Kupuliza, Tufundishe Wengine

Umewahi kumsikia mchunga ng'ombe akipuliza filimbi mlimani? Sauti yake hufika mbali. Sasa fikiri: hapa Daudi, ni nani unayemjua anayeweza kuipuliza vizuri? Amemfundisha nani? Kama hajamfundisha mtu, siku atakapofariki ujuzi wake utazikwa pamoja naye.

Somo hili linaeleza jinsi mtu anavyojifunza ala za kupuliza, zaidi ya moja, na jinsi anavyoweza kumfundisha mwenzake.

Ala za kupuliza

Filimbi hutengenezwa kwa mwanzi. Unapopuliza, pumzi hupiga ukingo wa tundu. Hewa iliyo ndani hutikisika, nasi tunasikia sauti.

Zumari hupigwa sana pwani. Ina ulimi mdogo wa jani kavu la mti wa jamii ya minazi. Ulimi huo ukitetemeka, zumari hulia.

Klarineti ina kipande chembamba cha tete. Saksafoni pia ina tete. Ingawa mwili wake ni wa madini, ni ndugu wa klarineti.

Klarineti nyingi nzuri hutengenezwa kwa mpingo. Mti huu hupatikana Tanzania, hasa kusini, na Msumbiji. Huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji mzuri wa misitu. Mpingo wetu huvuka bahari ukawa klarineti. Je, sisi wenyewe tubaki bila kujua kupuliza?

Yanayofanana na yanayotofautiana

Ulipojua kusoma kitabu cha kwanza, kitabu cha pili hakikukushinda. Herufi zilikuwa zile zile. Ala za kupuliza ni hivyo hivyo. Ukiziba matundu yote, sauti huwa nzito. Ukiyafungua moja moja kuanzia chini, sauti hupanda. Vidole vilivyozoea filimbi huizoea zumari upesi.

Lakini mdomo hutofautiana. Kwa filimbi, midomo huacha nafasi ndogo ya pumzi kupita. Kwa zumari, ulimi wa jani huingia mdomoni. Kwa klarineti, mdomo wa chini hufunika meno ya chini, na meno ya juu hukaa juu ya ala.

Pumzi nayo hutofautiana. Fundi wa zumari hupuliza bila kukatiza. Hujaza hewa mashavuni, kisha huisukuma kwa mashavu huku akivuta hewa nyingine puani. Jizoeze kwa mrija na bilauri ya maji. Puliza mapovu yasikatike.

Jinsi ya kufundisha

1. Anza na filimbi. Haina gharama kubwa.
2. Mwanafunzi apate kwanza sauti moja, ndefu na safi. Asiharakishe wimbo.
3. Afungue tundu moja, halafu la pili. Akikosea, arudi nyuma hatua moja.
4. Akiona kizunguzungu, apumzike.
5. Asianze ala ya pili kabla mdomo wake haujaizoea ya kwanza. Akishaanza ya pili, aendelee kuipiga ya kwanza pia, asije akaisahau.
6. Kila mtu awe na ala yake. Kupokezana ala mdomoni huweza kueneza magonjwa.

Mwalimu asione haya kuwa mwanafunzi. Anayejua filimbi, ajifunze zumari. Atakumbuka tena ugumu wa siku ya kwanza, naye atawavumilia wanafunzi wake.

Ujuzi wa nyumbani ni elimu

Wengine hudhani muziki wa kijijini si elimu. Sivyo. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma, alifundisha hapo. Muziki wake aliutoa nyumbani kwao, akaupeleka chuoni, akaupiga na ng'ambo. Alifariki mwaka 2003, lakini jamaa zake wanaendelea kuupiga kwa sababu aliwafundisha.

Ndugu msomaji, hukuona haya kushika kalamu ukiwa mtu mzima. Usione haya kushika filimbi. Wiki hii mtafute mzee mmoja anayejua kupuliza. Mwombe akufundishe wimbo mmoja. Nenda na kijana wako mkajifunze pamoja. Wewe unajua kuandika sasa. Andika jina la wimbo, na jina la mzee aliyekufundisha.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini anayejua filimbi hujifunza zumari kwa urahisi zaidi?
2. Ni jambo gani linalotofautiana katika kila ala?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayejua ala ya kupuliza? Kikundi chenu kitafanya nini ili ujuzi wake usipotee?