Injini ya Dizeli (2): Moshi wa Mlima Mau

Wiki jana tuliishia ndani ya silinda, pale hewa inapobanwa hadi ikapata joto la kuiwasha dizeli bila plagi. Leo tutazame kinachotoka kwenye bomba la moshi.

Wasafiri wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret wanakijua. Lori lililojaa saruji au mbolea likitoka Salgaa kupanda Sachangwan, dereva hushusha gia na kukanyaga mafuta, na wingu jeusi likawafunika walio nyuma. Wapo madereva wanaoamini kuwa moshi huo ni dalili ya nguvu. Sivyo. Ule weusi ni masizi, yaani dizeli iliyolipiwa kituoni ikakosa hewa ya kuungua.

Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Na kwa kuwa mafuta hunyunyizwa pistoni ikiwa inakaribia kufika juu, muda wa kuchanganyika ni mdogo mno, hivyo injini hutaka hewa zaidi ya hiyo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Juu zaidi, Timboroa, upungufu unakaribia robo. Pampu nyingi za zamani hazina habari na mwinuko: kiasi cha mafuta ni kilekile cha Mombasa, hewa ndiyo imepungua.

Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa ndani. Chukua injini ya Isuzu 4HK1, ya silinda nne na lita 5.2, inayopatikana katika malori ya ukubwa wa kati kama FRR. Ina turbo, ina kipoza hewa, na kompyuta yake hupima hewa inayoingia ndipo iamue nozo zitoe mafuta kiasi gani. Mafuta yenyewe hukaa kwenye reli moja yakiwa na shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa ya kawaida, na hutoka kama ukungu mwembamba.

Hapo lakini huzuka shida ya pili. Mwako mzuri una joto kali, na joto kali huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani kuwa oksidi za naitrojeni. Gesi hizo huchoma mapafu, na zikipigwa na jua huchangia kutengeneza ozoni hapa chini tunapovuta pumzi. Ukipunguza joto, masizi huongezeka. Ukipunguza masizi kwa joto, gesi huongezeka. Wahandisi wamepambana na mvutano huu kwa miongo kadhaa. Jibu lao mojawapo ni EGR: vali inayorudisha sehemu ya moshi, baada ya kupozwa, ndani ya silinda. Moshi huo una oksijeni kidogo, kwa hiyo joto la mwako hushuka.

Ukiifungua vali hiyo katika lori lililokaa muda mrefu bila kuhudumiwa, utakuta masizi yameganda na mafuta ya injini kuwa lami nyeusi, njia imebaki nyembamba. Mafundi wengi huiziba kwa kipande cha bati. Moshi mweusi hupungua kweli, na mwenye lori huondoka ameridhika, ila zile gesi zisizoonekana zimeongezeka. Kusafisha vali ni kazi ya saa chache. Kuiziba ni kuwatwisha gharama watoto wanaoishi kando ya barabara, nami siwezi kukubali kuita huko kutengeneza.

Upande wa mafuta tumepiga hatua. Tangu Januari 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitaka dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kabla ya hapo Kenya iliruhusu 500. Salfa huharibu vichocheo vya kusafishia moshi. Injini za Euro 5 na Euro 6 hutengenezewa dizeli ya sehemu 10, kwa hiyo hatua ile ya 2015 haikutufikisha huko.

Adui mkubwa zaidi ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozo, ambazo vyuma vyake vimeachana kwa mikroni chache tu; mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Vyuma hukwaruzana, nozo huanza kudondosha badala ya kunyunyiza, na matone hayo makubwa hayaungui yakaisha.

Kichujio cha masizi na mfumo wa urea tutavitazama wiki ijayo.