Alalaye chomboni naye anahitaji bima

Katika nchi za ng'ambo wako watu waliouza nyumba zao wakahamia ndani ya magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo. Swali linalowasumbua ni bima: hawana anwani ya kudumu, na wakiugua wako mbali na daktari wao. Funguvisiwa la Lamu halina magari hayo. Katika mji wa Lamu kwenyewe mwenye kubeba mizigo ni punda. Lakini watu wanaokula, kulala na kufanya kazi ndani ya chombo wapo tele, nao ni mabaharia wa majahazi na wavuvi wanaokwenda dago kwa majuma kadhaa kila msimu wa kaskazi.

Maisha hayo, msomaji, yana maradhi yake. Maji ya kunywa hukaa siku nyingi ndani ya majerikeni, na yakichafuka tumbo huharisha chombo kizima. Mwenye shinikizo la damu au kisukari humaliza vidonge kabla safari haijaisha. Kuna majeraha ya ndoana na kamba, na kuna mwiba wa taa. Aliyechomwa na taa atumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali. Akichomwa kifuani au tumboni asingojee maji, apelekwe mara moja.

Gharama ya hayo yote hulipwa na nani?

Wengi huchanganya bima tatu tofauti. Ya kwanza ni ya chombo chenyewe. Mwenye jahazi akiikata, inamlinda yeye dhidi ya hasara ya mbao, tanga na mashine. Baharia akivunjika mguu humo, bima hiyo si yake. Ya pili ni ya ajali kazini, na hapa ndipo mabaharia hupotea. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Lakini katika uvuvi wa pwani mapato hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, la nahodha na la mabaharia. Hakuna mshahara wala barua ya kazi. Siku ya ajali ni rahisi sana mwenye chombo kusema kwamba yule hakuwa mwajiriwa bali mshirika. Kwa maoni yangu, hata karatasi moja iliyoandikwa na kutiwa sahihi kabla ya kung'oa nanga ni bora kuliko ubishi wa baadaye.

Ya tatu ni bima ya matibabu, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mfuko wa mtu wa kawaida. Zamani ilikuwa NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambapo katika miaka yake ya mwisho asiye na mshahara alitoa Sh500 kwa mwezi. Tangu Oktoba 1, 2024 kazi hiyo imechukuliwa na SHA. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya jamaa nzima, usiopungua Sh300 kwa mwezi, na mume, mke na watoto huingia pamoja. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba yake, kuta, paa, maji na choo. Atajibu nini mtu ambaye paa lake ni tanga? Ajibu kwa nyumba ya familia yake iliyoko nchi kavu, na ajibu kweli.

Aliyejiandikisha hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya hata kabla ya kuchanga. Lakini kulazwa katika hospitali kubwa kama King Fahd mjini Lamu kunahitaji mchango uwe umelipwa. Mchango huo ni wa mwaka mzima kwa mkupuo. Jambo hili linawakera wengi, ingawa kwa mvuvi lina nafuu yake: alipe mwishoni mwa kaskazi, fedha zikiwapo, kabla kusi haijachafua bahari. Anayeshindwa yuko mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioanza mwaka 2025.

Kikwazo kikubwa ni kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa Kibajuni walipitishwa katika uhakiki wa ziada ambao wenzao wa bara hawakuujua. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa. Asiyekuwa nacho na aende sasa.

Bima ya matibabu, hata hivyo, haifupishi masafa. Kutoka Kiunga hadi Lamu ni safari ndefu ya baharini, na mafuta ya boti ya haraka hulipwa taslimu. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar mwaka 2015, hupeleka matibabu vijijini kwa chombo, lakini haliwezi kuwa kila mahali. Wenye uwezo hujiunga na mpango wa Maisha wa AMREF Flying Doctors, unaomsafirisha mgonjwa kwa ndege. Wajue tu kwamba mpango huo hulipia ndege, si kitanda cha hospitali. Vikundi vya wavuvi vingefaa kuweka akiba ya pamoja kwa ajili ya mafuta hayo ya boti.

Kujiandikisha SHA, piga *147# ukiwa bado na mtandao. Nakala ya kitambulisho na vidonge vya kutosha safari nzima vitiwe ndani ya chupa yenye kifuniko kisichopitisha maji, na nahodha ajue ilipo.