Nyaya Mbili Chini ya Dashibodi

Gari likishaingia ndani ya feri, dereva huzima injini akangoja. Mkondo wa Likoni ni mwembamba, yapata mita 500 tu, na safari ni ya dakika chache. Lakini mlango ukishushwa ng'ambo na gari likakataa kuwaka, walio nyuma hawana njia ya kupita, na kelele za honi huanza. Lawama huiangukia betri. Pengine betri haina kosa. Kosa ni la mkono uliofunga alamu au taa za mapambo juma lililopita.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8. Kwa hivyo magari yanayoshushwa Kilindini siku hizi, aghalabu, yana mtandao uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha rasmi mwaka 1986. Zamani kila kifaa kilihitaji waya wake, hata mzigo wa nyaya ukawa mzito kupindukia. Sasa injini, breki na dashibodi huzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja.

Mazungumzo hayo yana adabu ya barazani. Kila kifaa husikia kila neno. Viwili vikianza kusema kwa pamoja, chenye ujumbe wa nambari ndogo huendelea, na kingine hunyamaza kingoje zamu yake. Kwa kawaida habari ya breki hutangulia ile ya kiyoyozi. Kimya kikitanda, kila waya huwa na volti 2.5 hivi. Neno likisemwa, mmoja hupanda hadi volti 3.5 na wa pili hushuka hadi 1.5. Kinachosomwa ni tofauti baina yao. Vurugu ya umeme kutoka nje huzipiga nyaya zote mbili sawasawa, na tofauti hubaki vile vile. Hiyo ndiyo faida ya msokoto, na ndiyo sababu haifai kuufumua.

Tuktuk nyingi hazina mtandao wa namna hii. Fundi aliyezoea kazi hiyo, tena fundi stadi, hushika taa ya kujaribia, akatafuta waya wenye moto, akaunganisha. Katika tuktuk amefanya vyema. Katika nyaya za CAN, taa hiyo hiyo huvuta umeme zaidi ya kiasi na inaweza kuvuruga mazungumzo yote, au hata kuharibu kompyuta ya gari.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120. Betri ikishafunguliwa, fundi huweka mita kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, tundu la 6 na la 14. Katika magari mengi mita husoma omu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sufuri, nyaya zimegusana. Ikisoma 40, mtu ameongeza kizuizi cha tatu kisichohitajika.

Pale Feri kuna adui mwingine, nao ni upepo wa chumvi. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi huota kutu ya kijani kikakatika kidogo kidogo, na ugonjwa wa namna hiyo, unaokuja na kuondoka, ndio unaowachosha mafundi na kumaliza pesa za mwenye gari. Kiungo kichomelewe risasi, kisha kifunikwe kwa mpira unaobana kwa joto.

Alamu, kamera na taa zichukue umeme wake kwenye kisanduku cha fyuzi, kila kimoja na fyuzi yake. Volti 12 hazimpigi mtu shoti, lakini waya mwembamba usio na fyuzi huweza kuliteketeza gari.

Kabla ya kumkabidhi fundi gari la nyumbani, muulizeni atachukua umeme wapi. Akijibu kwamba waya wowote wenye moto unatosha, ondokeni na gari lenu. Akitaka kwanza kuuona mchoro wa nyaya za gari hilo, mwachieni ufunguo.