Mtu Mzima Ajipime kama Mtoto wa Kliniki

Siku ya kliniki, iwe Kaengesa au kijiji kingine cha uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa, mtoto huvuliwa sweta, kofia ya sufu na viatu, huvalishwa kisuruali cha kupimia, kisha huning'inizwa kwenye mizani ya duara iliyofungwa juu. Nesi hungoja mshale utulie, kwa sababu mtoto anayerusha miguu huuchezesha. Akishasoma anaweka nukta kwenye kadi, na kazi haijaisha hapo. Huiunganisha nukta ya leo na ya mwezi uliopita, na mstari huo ndio unaomwambia kama mtoto anapanda, amesimama au anashuka. Mama humfunga mtoto mgongoni na kurudi nyumbani mpaka mwezi ujao. Hakuna anayemwagiza ampime tena kesho asubuhi. Mlinganishe mama huyo na mtu mzima aliyenunua mizani ya kukanyaga, akaiweka chini ya kitanda, na anaipanda kila anapoamka, pengine tena kabla ya kulala, huku furaha yake ya siku nzima ikitegemea namba aliyoiona. Mtu huyu ana chombo kizuri ila anakiuliza swali kisiloweza kulijibu, na njia ya kumtoa kwenye tabia hiyo ipo tayari nyumbani kwake, imechapwa kwenye kadi ya mtoto.

Kadi ya namna hiyo ina historia ya Kiafrika. Daktari Mwingereza David Morley aliitengeneza miaka ya 1950 alipokuwa akitibu watoto Imesi-Ile, kijiji cha kusini-magharibi mwa Nigeria, na mchoro wake ukajulikana kama barabara ya afya. Morley aliona kwamba uzito wa siku moja unadanganya pande zote mbili. Mtoto mdogo wa umbo anaweza kuwa mzima kabisa, mradi mstari wake unapanda, na mtoto mnene anaweza kuwa njiani kuugua, mstari wake ukiwa umeanza kulala. Kwa hiyo alichokitafuta ni mwelekeo. Hapa Tanzania watoto wadogo hupimwa kila mwezi kwa mantiki hiyo hiyo. Mtoto mchanga hufikisha mara mbili ya uzito aliozaliwa nao anapokaribia miezi mitano, hakuna kipindi kingine cha maisha chenye mwendo wa kasi hiyo, na bado kipimo cha kila mwezi kinamtosha. Mtu wa miaka arobaini, ambaye mwili wake kwa mwezi mzima huenda usibadilike hata kwa kilo moja, hana sababu ya kujipima mara thelathini.

Kinachopanda na kushuka kila siku ni nini basi? Kwa sehemu kubwa ni maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, na mizani haitofautishi maji na nyama ya mwili. Chumvi huyashika maji: kiasi cha gramu tisa za chumvi ya ziada huweza kuubakiza mwilini ujazo wa karibu lita moja mpaka figo ziitoe, kwa hiyo aliyekula samaki wa chumvi jana asishangae leo. Ini na misuli huhifadhi wanga kwa umbo liitwalo glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Mtu akiruka ugali siku mbili, akiba hiyo hupungua na maji yake, mizani inashuka, naye anaamini ameyeyusha mafuta. Mwanamke huweza kuongezeka kilo moja au zaidi siku chache kabla ya hedhi, kisha ikatoweka yenyewe. Ongeza choo ambacho hakijatoka, maharage yaliyo bado tumboni, na katika baridi ya Juni na Julai, sweta mbili na koti. Hata sakafu ina neno lake, maana mizani iliyowekwa juu ya zulia au udongo usio sawa husoma tofauti na iliyo juu ya saruji.

Sasa tupige hesabu ya mafuta yenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba nishati ya kama kalori 7,700. Unga wa mahindi hutoa kiasi cha kalori 360 kwa kila gramu 100. Ili mtu aongezeke kilo moja ya mafuta kati ya jana na leo, angepaswa kula ugali wa zaidi ya kilo mbili za unga mkavu juu ya chakula chake cha kawaida. Hakuna aliyekula hivyo. Aliyesoma kilo 71 jana asubuhi na 72 leo asubuhi hajanenepa, na aliyetoka 72 kwenda 71 hajapungua. Huzuni ya yule wa kwanza na furaha ya huyu wa pili zote hazina msingi, na hilo linanisikitisha, kwa sababu wapo wanaojinyima chakula cha mchana kwa ajili ya glasi nne za maji.

Kama namba yenyewe haina maana, mbona tabia hii inashika watu hivi? Jibu limo katika huko kupanda na kushuka. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwamba kiumbe anayepata zawadi mara kwa mara bila mpangilio hushikilia tendo kuliko anayeipata kila wakati, na ndivyo kamari na kubeti vinavyofanya kazi. Mizani hutoa zawadi kwa mtindo huo: leo imeshuka, kesho imepanda, keshokutwa imeshuka tena, na mtu hurudi kuitafuta ile ya kushuka. Mwaka 1948 Skinner aliandika pia kuhusu njiwa wenye njaa waliopewa chakula kwa vipindi vilivyopangwa, bila kujali wanachofanya. Baadhi walianza kuzunguka, wengine kutikisa vichwa, kana kwamba mizunguko yao ndiyo iliyokileta chakula. Anayejipima kila asubuhi huingia katika hali hiyo. Jana alikunywa maji ya limao na tangawizi, leo mizani imeshuka nusu kilo, basi limao limekuwa dawa. Wiki inayofuata limao halifanyi kitu, anahamia kitu kingine. Chombo kilichotakiwa kumwongoza kinamfundisha mambo ambayo hayapo.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo maandishi ya Ulaya na Marekani hayaligusi sana. Huko anayepanda mizani mara nyingi huogopa kunenepa. Afrika Mashariki wapo pia wanaoipanda kwa kuogopa kupungua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na huko Uganda ugonjwa huo uliitwa Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kizazi kizima kilijifunza kusoma mwili wa jirani. Mpaka leo mtu husalimiwa "umenawiri" akafurahi, na akiambiwa "mbona umepungua?" hukosa usingizi. Hofu hiyo ina chanzo cha haki, lakini kupima kila siku hakuitulizi. Kwa mkulima inazidi kupotosha, kwa sababu mwili wake una msimu. Tafiti za miaka mingi katika kijiji cha Keneba nchini Gambia zimeonyesha wanawake wakipungua uzito wakati wa mvua, kazi ikiwa nzito na ghala likiwa limepungukiwa, kisha wakaurudisha baada ya mavuno. Ufipa nako mvua huanza karibu Novemba na kuishia Aprili, na miezi ya jembe, pamoja na kazi ya kufukia majani katika matuta yaitwayo ntumba, huitangulia miezi ya shibe. Kilo mbili zilizopotea Februari zina maelezo. Mstari unaoendelea kushuka mwezi wa saba, ghala limejaa, hauna maelezo hayo, na ukiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, au kutoka jasho usiku, mtu aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Lakini tofauti ya Februari na Julai haionekani kwa anayelinganisha leo na jana.

Kuna pingamizi lenye nguvu, na halifai kupitwa juu juu. Marekani kuna orodha iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kubaki hivyo kwa mwaka au zaidi, na kiasi cha robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Jaribio lililoongozwa na mtafiti Rena Wing, lililochapishwa mwaka 2006, lilikwenda mbali zaidi: katika kundi lililofundishwa, waliojipima kila siku walikuwa na nafasi ndogo ya kunenepa tena. Je, hapo hoja haijavunjika? Tazama walifundishwa nini. Walipewa rangi: mtu akiwa ndani ya kilo 1.4 ya uzito wake wa kuanzia alikuwa kwenye kijani na hakutakiwa kujisumbua, na nyekundu ilianza kilo mbili na kitu, ambapo alikuwa na mpango wa kufuata na mtaalamu wa kumuuliza. Yaani walifundishwa kwanza kuzidharau zile tofauti ndogo zinazowanyima wengine raha. Mizani bila mafunzo hayo ni kitu kingine. Katika utafiti wa Project EAT huko Minnesota, uliofuatilia vijana kwa miaka kadhaa, wasichana waliozidisha kujipima ndio pia waliopungukiwa kuridhika na miili yao. Wapo kweli wanaopaswa kupanda mizani kila asubuhi: wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri huambiwa wawahi hospitali wakiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, kwa kuwa hayo ni maji yanayojaa. Anayesoma haya akiwa ameagizwa hivyo na daktari, aendelee. Yeye anayapima maji, na anajua kwamba anayapima maji.

Mkoa wa Rukwa pia unafundisha kwamba mizani, hata ikitumiwa vizuri, ina upofu wake. Mkoa huu ni miongoni mwa maghala ya mahindi ya taifa, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 uliwakuta watoto zaidi ya nusu wakiwa na udumavu, na ule wa 2022 karibu nusu, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34 kisha 30. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaolingana kabisa na kimo chake. Mpaka alazwe kwenye ubao wa kupima urefu ndipo tatizo lionekane. Mtu mzima naye huweza kukaa kwenye kilo zile zile miaka mitano, misuli ikipungua na tumbo likiongezeka, presha ikipanda kimya kimya. Kwa tumbo kuna kipimo ambacho hakihitaji mizani. Chukua kamba, ipime toka utosini mpaka kisiginoni, ikate, kisha ikunje mara mbili. Kamba hiyo iliyokunjwa ikizunguka kiuno na ncha zake zikakutana, kiuno hakijazidi nusu ya urefu. Zisipokutana, hapo kuna jambo la kushughulikia, vyovyote mizani itakavyosema.

Kuacha basi kuanze na mahali mizani inapokaa. Itoke chini ya kitanda, iende kwa ndugu au juu ya kabati ambako kuifikia kunahitaji kiti, kwa maana tabia nyingi hufa kwa kukosa wepesi. Ichaguliwe siku moja ya mwezi, asubuhi kabla ya chai, baada ya kwenda chooni, kwa nguo zile zile, juu ya sakafu ile ile ya saruji. Namba iandikwe kwa nukta kwenye daftari la miraba. Asiyeweza kuruka toka kila siku hadi kila mwezi aanze na kila wiki. Siku za mwanzo zitasumbua, hamu itakuja asubuhi ile ile iliyozoeleka, na haina tiba zaidi ya kuipa mikono kazi nyingine. Lakini mtu akijikuta anaacha kula, anajitapisha, au anashindwa kutoka nyumbani kwa ajili ya namba, hilo limeshavuka tabia, naye anastahili kusaidiwa na mhudumu wa afya bila kuonewa aibu. Mwezi wa kwanza daftari litakuwa na nukta moja tu, na kwa aliyezoea namba mpya kila siku litaonekana tupu. Mwezi wa pili zitakuwa mbili. Ni kwenye ya tatu au ya nne ndipo mtu anaweza kuziunganisha kwa penseli, kama nesi anavyofanya, na kuona kwa mara ya kwanza mwili wake unaelekea wapi.