Chumba cha Taarabu Hupimwa Kabla ya Msingi

Waungwana wengi wa mwambao hutoa maelfu ya shilingi kununua spika, kisha huziweka katika chumba kisichofikiriwa na mtu. Besi ikipigwa, sauti moja huvuma kama pipa tupu na ya pili yake haisikiki. Mwenye nyumba hulaumu spika. Mimi naona tuanze kwa vipimo vya chumba.

Sababu yake si mazingaombwe. Katika joto letu la pwani, sauti huenda kiasi cha mita 349 kwa sekunde. Ikigonga ukuta hurudi. Baina ya kuta mbili zilizoachana mita 3, sauti ya mitetemo 58 kwa sekunde hutoshea barabara, ikapata nguvu isiyo haki yake. Hiyo ni sauti ya besi hasa. Sasa chumba kikiwa mita 3 kwa 3, na dari nayo mita 3, sauti hiyo hiyo husaidiwa mara tatu, na jirani zake hawapati kitu.

Dawa ni kuvitenganisha vipimo. Mwaka 1965 mtaalamu Sepmeyer alipendekeza kimo kikiwa 1, upana uwe 1.14 na urefu 1.39. Mwaka 1971 Louden akatoa 1, 1.4 na 1.9. Kwa hesabu hii ya pili, dari ya mita 3 yataka upana wa mita 4.2 na urefu wa mita 5.7. Asiyeweza hayo na ashike neno moja: kipimo kisilingane na kingine, wala kisiwe maradufu yake.

Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walijenga vyumba vyembamba, virefu, kwa kuwa boriti ya mkoko haibebi dari pana. Hawakukusudia sauti, lakini waliepuka mraba. Na zile zidaka za chokaa, zilizowekwa vyombo vya kauri, hutawanya sauti nyembamba zisirudi kwa mkupuo mmoja. Ukuta wa simenti ulio mtupu hauna fadhila hiyo.

Wako wanaodhani zulia na pazia zitaponya uvumi. La. Vitu hivyo hunyonya zaidi sauti nyembamba, na besi hubaki ikitamba. Chumba kikijazwa mazulia tu, sauti ya mwimbaji hufifia na mvumo ukazidi kuonekana.

Na nyumba ikiwa imekwisha kusimama? Songeza kiti. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, baadhi ya sauti nzito hupotea; ukiegemea ukuta, hunenepa. Jaribu kukaa thuluthi moja na ushei kutoka ukutani, kisha usogee kidogo kidogo hadi sikio liridhike.

Nayasema haya kwa sababu taarabu ni maneno. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na anayezisikiliza leo hutaka kuipata kila silabi. Hata kisomo cha Kurani, ambacho kila herufi ina haki yake, huvurugwa na chumba kinachovuma.

Basi wewe unayetaka kujenga, mwite fundi kabla hajachimba msingi. Kuusogeza ukuta kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Ukishapanda, ni kazi ya nyundo na fedha.