Usikubali kutishwa kwa deni la mwenzako

MKAZI wa Kayole au Umoja hupokea simu kutoka kwa mtu asiyemjua. Anaelezwa, tena kwa matusi, kwamba jirani yake amekosa kulipa mkopo aliochukua kwa simu. Yeye hakukopa wala hakumdhamini mtu. Je, nambari yake ilipatikana wapi?

Mara nyingi hutoka katika simu ya mkopaji. Baadhi ya apu za mikopo zimekuwa zikiomba ruhusa ya kusoma nambari zote zilizohifadhiwa humo. Mkopaji mwenye shida hukubali upesi, na marafiki zake huanikwa bila kujua.

Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutekelezwa nchini Novemba 25, 2019, hairuhusu jambo hilo. Anayekusanya habari za mtu sharti awe na sababu halali, amweleze mhusika zitakavyotumiwa, na asizigeuzie kazi nyingine. Idhini ya mkopaji si idhini ya jirani yake.

Makali ya sheria hiyo yalionekana Septemba 2023. Kamishna wa Data, Bi Immaculate Kassait, aliitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha apu za KeCredit na Faircash. Walalamishi walikuwa wamepokea simu na jumbe za vitisho, ilhali nambari zao zilitolewa na watu wengine.

Shule pia haikusazwa. Wakati huo huo, Roma School ya Uthiru ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Faini haiwezi kuzidi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya biashara ya mwaka uliotangulia, kwa kutegemea kiasi kilicho cha chini.

Wafanyabiashara wadogo wa Eastlands wasidhani hayo ni ya wakubwa pekee. Ni kweli kwamba biashara yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa kamishna. Hata hivyo, shule, zahanati na wakopeshaji hawamo katika msamaha huo. Isitoshe, kutosajiliwa hakumwondolei mtu wajibu wa kulinda habari za wateja. Daftari la wakala wa M-Pesa, au la bawabu langoni Buruburu, lenye majina na nambari za vitambulisho, halifai kuachwa wazi kila apitaye alisome.

Anayesumbuliwa na ahifadhi jumbe, nambari na tarehe alizopigiwa. Anaweza kulalamika kwa afisi ya kamishna, kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi ukamilishwe katika siku 90. Akithibitisha kwamba alidhurika, ana haki ya kudai fidia.