Bendera ya taifa: Kwa mwanajeshi ni kiapo, kwa raia je?

FILIMBI ilipolia saa kumi na mbili jioni karibu na kambi ya chifu au kituo cha polisi, kila mtu alisimama tisti. Mwendesha baiskeli alishuka, mchuuzi akatua mzigo, nalo gari likaegeshwa kando hadi bendera iteremshwe na kukunjwa. Aliyepuuza alijipata akijieleza mbele ya askari. Wakenya wengi walifunzwa kuiheshimu bendera kwa njia hiyo, na pengine ndiyo sababu baadhi yao wangali wanaiona kuwa mali ya serikali wala si yao.

Bendera hiyo ilipandishwa mara ya kwanza katika uwanja ambao leo huitwa Uhuru Gardens, Nairobi, usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za chama cha KANU. Mistari myeupe ikaongezwa kuashiria amani. Katikati kuna ngao ya Kimaasai na mikuki miwili, ishara ya ulinzi wa uhuru. Maana ya rangi hizo hufundishwa shuleni, kwa hivyo hapana haja ya kuirefusha hapa.

Kwa mwanajeshi, bendera si ishara tu bali ni sehemu ya kazi. Mbali na bendera ya taifa, vikosi vina bendera zao maalumu, desturi iliyorithiwa kutoka jeshi la Uingereza kupitia King's African Rifles. Zamani bendera ya kikosi ilibebwa hadi vitani ili askari waliotawanyika katika moshi na vumbi wajue pa kukusanyikia. Kuiacha itwaliwe na adui ilikuwa fedheha isiyofutika. Siku hizi haibebwi vitani, lakini kila Jamhuri Dei hutembezwa polepole mbele ya gwaride na mbele ya Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Raia aliyeketi jukwaani huona madaha ya mwendo na kusikia tarumbeta. Askari aliye kwenye mstari huonyeshwa kile alichoapa kukifia.

Na wapo waliokifia. Kambi ya El Adde nchini Somalia iliposhambuliwa na Al-Shabaab mnamo Januari 15, 2016, miili ya baadhi ya wanajeshi ilirejeshwa Nairobi katika majeneza yaliyofunikwa bendera. Katika mazishi ya kijeshi, bendera hiyo huondolewa kabla ya jeneza kuteremshwa kaburini, ikakunjwa kwa uangalifu na kukabidhiwa mjane au mzazi. Kitambaa hicho ndicho familia hurudi nacho nyumbani. Haidhuru umempa mjane heshima kiasi gani, bado atauliza mumewe alikufa vipi, na bendera haina jibu la swali hilo.

Raia naye hana kiapo wala gwaride. Sheria inayohusu bendera, nembo na majina ya taifa humkumbusha zaidi yale asiyoruhusiwa: asiidhalilishe, wala asiipeperushe kwenye gari lake, kwa kuwa fahari hiyo imetengewa viongozi wachache, akiwemo Rais, naibu wake na Jaji Mkuu. Hata magavana, licha ya vishindo vyao, walizuiwa. Ilhali Katiba ya 2010 huanza kwa kutamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, kisha katika Kifungu cha 9 ikaitaja bendera miongoni mwa alama za taifa.

Kisoi Munyao alikuwa raia aliyeibeba bendera kuliko wengi wetu. Usiku ule wa uhuru aliipandisha juu ya Mlima Kenya, katika baridi kali. Picha yake ilijulikana kote nchini, lakini yeye aliishi maisha ya uchochole hadi alipofariki mwaka wa 2007. Baada ya kufa ndipo taifa likamkumbuka kwa heshima.

Mnamo Juni 2024 mambo yaligeuka. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijitanda bendera mabegani, kama wafanyavyo wanariadha wetu wakishinda ng'ambo, wakaingia barabarani wakiimba wimbo wa taifa. Hakuna aliyewapulizia filimbi ili waiheshimu. Wengi waliinunua kwa wachuuzi kwa pesa zao. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo.

Juni 25, waandamanaji walipovamia Bunge, serikali ilitangaza kwamba wanajeshi wangesaidia polisi kudumisha usalama. Siku mbili baadaye magari ya kijeshi yalionekana katikati ya jiji la Nairobi, na baadhi ya vijana wakayashangilia. Waliojifunga bendera na walioapa kuilinda wakatazamana barabarani, kila upande ukiamini kwamba ndio uliokuwa ukiitetea.